Vuli Si Mapukutiko

Ndugu msomaji, katika ofisi zetu nyingi kuna kalenda ukutani, na katika kalenda hizo, ukifunua mwezi wa Oktoba, si ajabu kukuta picha ya aina moja. Ni picha ya msitu wa nchi za baridi. Majani yamekuwa mekundu na ya manjano, jua limeinama, miali yake imepenya katikati ya matawi, na njia nyembamba iliyofunikwa kwa majani makavu inapotelea kwa mbali. Chini ya picha hiyo pameandikwa neno moja: Vuli. Nje ya dirisha la ofisi hiyo hiyo wananchi wanatayarisha mashamba, wanayatazama mawingu, na wanaulizana kama mwaka huu mvua itawahi au itachelewa.

Picha yenyewe hatuna ugomvi nayo. Ni picha nzuri, na aliyeipiga aliijua kazi yake. Ugomvi wetu ni na neno lililoandikwa chini yake, na ukuta ilipotundikwa, na mikono yetu wenyewe iliyoitundika.

Katika makala haya tunakusudia kutetea jambo moja, nalo ni hili: taifa lisilopiga picha za majani yake lenyewe, kwa jua lake lenyewe na kwa rangi zake za kweli, hujifunza polepole kuyadharau majani hayo, na likisha kuyadharau huyakata bila kujuta. Wako watakaotucheka wakisema kwamba tumekosa jambo la kuandika, maana haya ni majani tu. Tunawaomba wasituhukumu kabla ya kufika mwisho.

Tuanze na neno. Wazungu wana majira ambayo majani ya miti yao hubadilika rangi na kuanguka, kuanzia Septemba hadi Novemba hivi. Baadhi ya wafasiri wetu wameyaita majira hayo vuli, na wengine wameyaita demani. Wamefanya hivyo kwa kuhesabu miezi, wala hawakutazama mambo yanayotendeka katika miezi hiyo. Kwa mwenyeji wa pwani au wa kaskazini mwa nchi yetu, vuli ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Ni wakati wa kupanda. Ni wakati ambapo ardhi iliyokuwa kama mfupa hunuka udongo mbichi, na kila kijiti huchipua. Kwao majani yanaanguka. Kwetu majani yanazaliwa. Miezi ni ile ile, lakini mambo yake ni kinyume kabisa, kama matanga na arusi. Sasa mtu akichukua neno la arusi akaliandika juu ya mlango wa matanga, tutasema amefasiri au amepotosha?

Hatusemi haya kama watu wasio na hatia. Tulipokuwa katika shule ya sekondari tulitunga shairi juu ya vuli. Tulieleza ndani yake majani mekundu yanayodondoka kama machozi, na upepo wa baridi, na mzee anayetembea peke yake bustanini. Tulikuwa hatujapata kuuona upepo huo wala bustani hiyo, ila katika vitabu vya kusomea Kiingereza. Mwalimu wetu alitupa alama za juu na shairi likabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Siku ile ile tuliyoliandika, nyuma ya bweni letu, miombo ilikuwa imevaa majani mapya mekundu kama shaba iliyosuguliwa, na hatukuyaona. Macho tulikuwa nayo, lakini tulikuwa tumeyaazima kwa watu wengine.

Hapa inafaa tueleze jinsi majani yanavyobadilika rangi, maana hoja yetu imesimama juu ya ukweli wa maumbile, haikusimama juu ya hamaki. Katika nchi za baridi, siku zinapokuwa fupi, mti huacha kutengeneza umbijani, ile rangi ya kijani inayoliwezesha jani kujitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Umbijani ukivunjika, rangi ya manjano iliyokuwamo siku zote, lakini imefichwa, hujitokeza. Rangi nyekundu habari yake ni nyingine. Hiyo haikuwamo tangu awali. Jani huitengeneza upya katika siku zake za mwisho kutokana na sukari iliyobaki ndani yake, na hukolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha. Wataalamu huiita rangi hiyo anthosiani.

Basi rangi hiyo hiyo, anthosiani, ndiyo inayoyapaka majani machanga ya miombo yetu. Katika mikoa ya Tabora, Katavi, Kigoma, Ruvuma, Lindi na sehemu nyingine za nchi, miti ya miombo hupukutisha majani yake katika kiangazi. Lakini kabla mvua haijanyesha, mara nyingi kwa majuma kadhaa, wakati ardhi ingali kavu na mbingu haina wingu, miti hiyo hutoa majani mapya. Majani hayo hayazaliwi ya kijani. Huzaliwa mekundu, mengine ya rangi ya damu ya mzee, mengine ya shaba, mengine ya waridi, mengine ya asali. Baada ya muda hufifia yakawa ya kijani kibichi. Huko magharibi na kusini mvua ni ya msimu mmoja, nayo huanza karibu na Novemba. Kwa hiyo wekundu huo ni kama mbiu inayotangulia mvua. Msitu mzima huwaka bila moto.

Tazama basi ajabu hii. Rangi ni moja. Kaskazini jani huivaa likiaga dunia. Kwetu jani huivaa likiingia duniani. Tuliwahi kulisema hilo katika ubeti mmoja, ambao tunauweka hapa kwa kuwa unakwenda na maneno yetu:

Kwao ni ya buriani, rangi nyekundu kupewa,
Kwetu ni ya karibuni, jani jipya likizawa,
Pori likiwa jotoni, wingu bado kuletewa,
Tusililie vulini, vuli si ya kufiliwa.

Kwa hiyo anayetundika picha ya mapukutiko ya ugenini akaiita vuli hakukosea neno tu. Amewafundisha watoto wanaopita mbele ya kalenda ile kwamba wekundu wa jani ni alama ya kifo, hali kwao ni alama ya uhai. Tena amewafundisha kwamba uzuri wa namna hiyo unapatikana mbali, kwa nauli ya ndege.

Mtu asidhani kwamba tunawalaumu wenye mapukutiko yao. La, wao tunawasifu. Wajapani tangu zamani wana desturi ya kutoka majumbani na kwenda milimani kuyatazama majani ya miti yao yanapogeuka, na desturi hiyo ina jina lake, momijigari. Huko Vermont na New Hampshire, Marekani, watu husafiri kutoka miji ya mbali kwa ajili hiyo hiyo. Mpigapicha Eliot Porter wa Marekani, aliyesomea udaktari kabla ya kuufanya upigaji picha kuwa kazi yake, alitoa mwaka 1962 kitabu cha picha za rangi za misitu ya nchi yake, kikachapishwa na chama cha kuhifadhi mazingira kiitwacho Sierra Club. Hakwenda kutafuta mambo makubwa. Alipiga picha za majani yaliyolala juu ya jiwe, za vijiti, za kuvu na za maji yanayopita. Alivitazama vitu vya kwao mpaka watu wa kwao wakaanza kuvitazama. Baadaye alifika hata Afrika Mashariki, na mwaka 1972 picha alizozipiga huku zilitolewa katika kitabu pamoja na maandishi ya Peter Matthiessen. Tunamshukuru mgeni aliyetutazama. Lakini je, tutakaa mpaka lini tukingoja mgeni aje kutuonyesha mti ulioko nyuma ya nyumba yetu?

Jambo la kujifunza kwa watu hawa, basi, ni kule kutazama kwao, wala si majani yao. Nasi tulichukua majani yao tukaacha kutazama. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kosa hilo limeingia hata katika ufundi. Mafunzo mengi ya kupiga picha yanayowafikia vijana wetu yameandikwa na watu wa nchi za kaskazini, nayo husema kwamba wakati bora wa kupiga majani ni pale jua linapokuwa chini, karibu na kuchomoza au kuzama. Hilo ni kweli. Mwanga wa jua lililo chini husafiri mwendo mrefu zaidi katika hewa; rangi ya buluu hutawanyika njiani, na inayotufikia zaidi ni ile ya manjano na nyekundu. Tena mwanga huo huja kwa ubavu, ukapenya ndani ya jani kama unavyopenya katika kitambaa chembamba. Jani likitazamwa kwa upande wa kivuli, na jua likiwa nyuma yake, mishipa yake yote huonekana.

Lakini mafunzo hayo huendelea kusema kwamba wakati huo ni saa nzima au zaidi, na hapo ndipo kijana wetu anapopotea. Katika Uskochi, mwishoni mwa Oktoba, jua la adhuhuri halifiki hata nyuzi 25 juu ya upeo, na jioni huzama kwa kuteleza kimshazari. Kutoka nyuzi 10 hadi kuzama huchukua zaidi ya saa moja. Kwetu si hivyo. Mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huko Tabora liko utosini, na jioni huanguka karibu wima kama nazi: kutoka nyuzi 10 hadi kuzama ni dakika 40 tu. Tena jua la Dar es Salaam katikati ya Oktoba huzama yapata saa kumi na mbili na robo, hali la Tabora huzama baada ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu Tabora iko magharibi zaidi na saa zetu ni moja. Mpigapicha aliyejifunza jua la watu wengine atafika msituni akitandaza vyombo vyake, na akiinua kichwa, giza limeingia. Jua letu halina subira. Linamtaka mtu aliyekwisha kuuchagua mti wake tangu mchana, aliyekwisha kujua tawi lipi linaelekea magharibi, na aliyekaa kimya akingoja.

Nasi tuseme na lile lisilopendeza. Wekundu wa jua la jioni katika miezi hiyo si wa hewa peke yake. Kwa sehemu ni wa moshi. Kiangazi kinapofika mwisho, mioto huzagaa porini. Mingine huwashwa na wanaosafisha mashamba, mingine na wawindaji, mingine huponyoka mikononi mwa watu. Moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, ndio mkali kuliko yote, na huua miche michanga. Mpigapicha mkweli atakapousifu mwanga huo wa dhahabu, ajue kwamba katika dhahabu hiyo mna majivu ya msitu anaousifu.

Sasa tufike kwenye kisa kilichotusukuma kuandika. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa wajumbe wa kamati ndogo ya kutengeneza kalenda katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Kijana mmoja mpigapicha alituletea picha alizozipiga katika nchi ya miombo, mwishoni mwa Septemba. Moja kati ya hizo ilitushika roho. Ilikuwa ya mti mkubwa, majani yake machanga yakiwaka kwa jua lililokuwa nyuma yake, na kwenye panda ya mti huo palikuwa na mzinga wa nyuki, wa gogo, mweusi kwa umri. Chini nyasi zilikuwa zimeungua. Hiyo ndiyo iliyokuwa vuli ya mahali pale: moto umepita, majani yanazaliwa, na mtu ameweka mzinga wake akitumaini maua.

Mwenyekiti aliitazama akasema, "Hili ni pori tu. Tafuteni kitu cha kupendeza." Baada ya kujadiliana ikakubaliwa kwamba picha itumike, lakini kwanza "irekebishwe". Ikapelekwa kwa mtaalamu wa kompyuta mjini. Iliporudi, nyasi zilizoungua zilikuwa zimegeuzwa rangi ya chungwa. Majani yalikuwa mekundu kama rangi ya kucha. Kati ya mashina palikuwa na ukungu, katika mwezi ambao midomo ya watu hupasuka kwa ukavu. Na ule mzinga haukuwapo tena. Ulifutwa kwa sababu, tuliambiwa, ulikuwa unaichafua picha. Kijana mwenye picha alinyamaza. Nasi tulinyamaza. Karatasi ya kuidhinisha ilipozungushwa, tulitia saini.

Mwaka uliofuata tulisafiri kikazi hadi kata ile ile, tukachukua nakala za kalenda tukawagawie wenyeji. Mzee mmoja mrina asali alipewa yake. Tulimwamkia, "Shikamoo mzee," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Aliishika kalenda kwa mikono miwili akaitazama kwa muda mrefu sana. Kisha akaweka kidole juu ya mti. "Panda hii naijua," alisema. "Mti huu ni wangu. Lakini, mwanangu, mzinga wangu ameuchukua nani?" Tukakosa jibu. Mzee akatazama tena ukungu ule na nyasi zile za rangi ya chungwa, akatabasamu kwa adabu, akaturudishia kalenda. "Basi," alisema, "nimefananisha tu. Huku ni kwa wenzenu wa Ulaya."

Ndugu msomaji, tumeshiriki katika kumwibia mzee yule mzinga wake, na mti wake, na nchi yake, bila kugusa hata kijiti kimoja. Uwezo wa picha ndio huo. Na leo kazi iliyomchukua mtaalamu yule siku mbili hufanywa na mtoto kwa simu ya kiganjani kwa kugusa kitufe. Zipo programu zinazoweza kuugeuza mwembe wa kijani ukawa na majani ya mapukutiko katika muda wa kufumba na kufumbua. Vijana wetu hupiga picha chini ya mkungu au mwarobaini, kisha huugeuza uwe mti wa ng'ambo ndipo wawaonyeshe wenzao. Wanaupaka mti rangi kama mtu anayeuonea haya uso wa mama yake.

Watetezi wa mambo haya wana hoja zao, nasi hatuzikimbii. Wanasema kwanza kwamba kuhariri picha si jambo geni. Tangu enzi za chumba cha giza wapigapicha walizikoleza na kuzififisha picha zao. Ni kweli. Ansel Adams wa Marekani alipiga mwaka 1941 picha maarufu ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, na kwa miaka mingi aliichapa upya, kila mara akizidi kuitia anga giza. Eliot Porter tuliyemtaja alichapa picha zake kwa njia ya kuhamisha rangi tatu moja baada ya nyingine juu ya karatasi, na kila rangi aliiongoza kwa mkono wake. Wanasema pili kwamba hata kamera yenyewe haisemi kweli. Hilo nalo ni kweli, na sisi watu weusi tuna sababu ya kulijua kuliko wengine. Kwa miaka mingi kadi zilizotumika katika maabara kusawazisha rangi za filamu zilikuwa na picha ya mwanamke mweupe, na ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Nyuso zetu zikatoka kama masizi yenye meno. Husimuliwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa upesi yalikuwa ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Filamu ya Velvia iliyotolewa mwaka 1990 ilipendwa kwa sababu ilikoleza rangi kuliko macho yanavyoona. Wanasema tatu, na hapo hutugeukia sisi washairi, kwamba hata mshairi hutia chumvi.

Majibu yetu ni haya. Kumpamba bibi arusi si kumbadilisha. Siku ya arusi hupakwa hina, hutiwa wanja, huvikwa dhahabu ya kuazima, na hakuna anayelalamika, maana kila aliyekuja anamjua ni binti wa nani. Lakini wakifunua shela wakakuta binti wa nyumba nyingine, hapo si mapambo tena, ni hila. Mshairi hutia chumvi katika sifa za mpenzi wake. Hasifu mpenzi wa jirani akasema ni wake. Adams alilitia anga giza, lakini kijiji kilibaki kijiji kile kile, na misalaba ya makaburi yake ilibaki pale pale. Jarida la National Geographic liliposogeza piramidi mbili za Giza zikaribiane ili zienee katika jalada lake la Februari 1982, watu wa fani hiyo walipiga kelele, na kelele hizo zilikuwa za haki, ingawa mawe yalisogezwa kwenye karatasi tu.

Na kwa kuwa kamera ina upendeleo wake, ndiyo sababu hasa ya sisi kuihariri picha kwa mkono wetu wenyewe, na si kuiacha mikononi mwa kitufe kilichotengenezwa na watu wasiopata kuuona mti huo. Tunapendekeza sheria moja nyepesi: lile ambalo jicho liliona na kamera ikalikosa, mpigapicha ana ruhusa ya kulirudisha, lile ambalo halikuonwa na jicho wala kamera, asilitie, na lile lililokuwapo, hasa likiwa kazi ya mikono ya watu, asilifute.

Tufafanue kwa vitendo. Ukielekeza kamera kwenye jua lililo chini, kipima mwanga chake hudanganyika. Ama mbingu huungua ikawa nyeupe tupu, ama jani huwa kivuli cheusi. Jicho halikuona hivyo. Basi ipime nuru kwa lile jani linalong'aa, kisha baadaye yapandishe mashina yaliyotota gizani mpaka magome yake yaonekane kama ulivyoyaona. Hiyo ni halali. Kamera nyingi hujaribu kusawazisha rangi, zikauona mwanga wa dhahabu kuwa ni kosa, zikaufuta ukawa baridi kama taa ya hospitali. Kuurudisha mwanga huo ni halali. Jani likiwa na mng'ao unaoficha rangi yake, kichujio cha lenzi kinachokata mng'ao kitakusaidia. Lakini ukiona wekundu haukutoshi ukauongeza, kisha ukauongeza tena, jiulize unamwongezea nani. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dawa yake ni rahisi: okota jani moja lililodondoka chini ya mti ule ule, lipeleke nyumbani ndani ya daftari, na unapohariri liweke kando ya kioo cha kompyuta kabla halijakauka. Jani ndilo hakimu. Picha isiyofanana na jani, hata ipendwe na watu elfu, ni uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa turudi kwa wale waliosema kwamba haya ni majani tu. Mwenyekiti wetu alipoiona miombo alisema, "Hili ni pori tu." Hakuwa mtu mbaya. Alisema alivyofundishwa na kuta zote alizopata kuzitazama tangu utoto. Neno "pori tu" ndilo linaloshika shoka. Msitu ulioitwa pori tu huchomwa mkaa bila mtu kuuliza umri wa mti, huteketezwa ili panya mmoja atoke, hugawanywa mezani na watu wasioujua. Katika misitu hiyo hutoka asali inayoipa Tabora sifa, na dawa, na uyoga wa masika, na mbao za mninga, na maji ya mito. Watu hawalii juu ya kitu wasichopata kuonyeshwa kwamba ni kizuri. Mjapani atasimama mbele ya mti wake wa momiji kwa sababu babu yake alimpeleka kuutazama. Sisi mtoto wetu tunampeleka wapi?

Mwaka 1962, nchi yetu ilipokuwa jamhuri, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Waliofanya hivyo walijua kwamba bendera peke yake haimtoi mtu katika kutawaliwa. Tangu hapo tumefanya kazi kubwa katika lugha, ngoma, mashairi na michoro. Lakini jicho tumelisahau. Tumeliacha liendelee kuishi ugenini.

Tunalopendekeza halihitaji fedha za kigeni. Kila ofisi ya umma inayochapa kalenda na iweke katika Septemba na Oktoba picha ya nchi hii, iliyopigwa na mtu wa nchi hii, ikiandikwa jina la mti na la mahali. Wafasiri wetu na wayaite majira ya kaskazini kwa jina linalosema kweli, mapukutiko, na vuli watuachie wenyewe. Walimu wa shule zilizo katika nchi ya miombo na wawatoe watoto nje nusu saa kabla ya jua kuzama, hata bila kamera, wakae chini wakiangalia. Nao vijana wenye simu na wajifunze kungoja. Na sisi watumishi, karatasi ya kuidhinisha inapozungushwa mezani, tujifunze kuiweka kalamu chini.

Ama ile kalenda ya mzee wa asali, nakala yetu tunayo mpaka leo. Hatukuitundika. Tumeiweka katika saraka ya meza, na pamoja nayo ile picha ya kwanza ambayo kijana alitupa baadaye, yenye nyasi zilizoungua na mzinga mweusi kwenye panda ya mti. Mara kwa mara tunazitoa zote mbili tukazilaza kando kwa kando. Tunadaiwa. Deni hilo tutakuwa tumeanza kulilipa siku mzee yule, au mjukuu wake, atakapofunua Oktoba katika kalenda ya Serikali yake, na kuuona mzinga wake pale alipouacha.